Masisi na Walikale: video inayokwama haimfikishii mtu habari

Mwezi wa tatu 2025, waasi wa M23 walipoingia Walikale-centre, swali la wakaaji lilikuwa moja: barabara gani ingali salama? Siku hizi majibu ya namna hiyo hutolewa mara nyingi kwa video ya moja kwa moja kwenye intaneti. Lakini kwenye simu nyingi za Walikale na Masisi, kiduara kinazunguka, picha inakwama, mega zinaisha.

Sababu ni hii. Video haifiki nzima kwa mara moja. Seva huikata vipande vya sekunde chache, na kila kipande hutayarishwa kwa uzito mbalimbali, mfano wa ngazi: chini kuna picha hafifu na nyepesi, juu picha safi na nzito. Simu hupima nguvu ya rezo, huchagua kipande inachokiweza, kisha huweka akiba ya vingine ili rezo ikiyumba picha isisimame. Video ya moja kwa moja ina akiba ndogo, kwa kuwa yanayofuata hayajatokea bado. Ndiyo maana hukwama mapema.

Rezo nayo ina matatizo yake. Anteni moja hugawia uwezo wake simu zote za karibu; watu wakikimbilia mahali pamoja, kila mmoja anapata kidogo. Milima ya Masisi huzuia mawimbi, na msitu wa Walikale huyadhoofisha. Pasipo umeme, anteni hutegemea jua au jenereta, na vita vikifunga barabara, mazutu haifiki.

Tupige hesabu. Video ya megabiti 1 kwa sekunde hula mega 450 kwa saa. Sauti peke yake, ya kilobiti 32 kwa sekunde, hula mega 14 hivi. Mkimbizi wa ndani anayenunua mega kidogo kidogo ataweza ipi?

Habari ya kweli ikikwama, uvumi hauchelewi. Kipande cha sekunde 30 cha mapigano ya zamani hupitishwa simu kwa simu bila hata rezo, na mtu anaweza kukiamini akakimbilia kwenye risasi.

Mwezi wa tano 2025 Kinshasa iliruhusu Starlink kufanya kazi nchini. Ni hatua nzuri, lakini dishi na malipo ya kila mwezi si ya mkulima wa Masisi.

Kwa hiyo wito wetu unaelekea kwanza kwetu sisi vyombo vya habari. Kila video ya usalama iwe na daraja la chini kabisa la picha, sauti peke yake, na mistari mitano ya maandishi yenye tarehe na mahali. Makampuni ya simu nayo yapunguze bei ya mega katika maeneo ya vita. Picha safi inaweza kungoja. Raia aliye njiani na watoto mgongoni hawezi.