Fainali ya siku moja? Mimi sikubali

Jana usiku chumbani kwetu kulikuwa na ubishi mpaka jirani akagonga ukuta. Jamaa yangu anasema Wamarekani wanatuzingua tu: fainali yao ya besiboli, ile World Series, inaweza kufika mechi saba, anayewahi kushinda nne ndiye bingwa. "Si wamalize siku moja kama Kombe la Dunia? Wanatafuta hela za viingilio hao!"

Hela zipo, sibishi. Ila mimi nasema mechi saba ni haki zaidi.

Chukua mwaka 2016, Chicago Cubs na Cleveland. Mechi ya kwanza Cubs walilala 6-0. Mrushaji wa Cleveland, Corey Kluber, siku hiyo hakushikika. Ingekuwa fainali ya siku moja, mambo yangeishia hapo: timu iliyoshinda mechi 103 msimu ule inafunga virago kwa sababu ya mkono wa mtu mmoja. Ndivyo besiboli ilivyo, mrushaji akiamka vizuri anawanyamazisha wapigaji wote tisa. Lakini mkono unachoka, na kwa kawaida anapumzika kama siku nne ndipo arushe tena.

Cleveland wakafika 3-1, imebaki moja tu. Cubs wakazirudisha mbili. Mechi ya saba Kluber akapangwa kwa mara ya tatu, baada ya siku tatu tu za kupumzika, na wapigaji walishamsoma. Wakamtwanga. Vipindi tisa viliisha 6-6, cha kumi Cubs wakashinda 8-7. Ubingwa wa kwanza tangu 1908! Hapo imepimwa timu nzima, si mkono mmoja.

Mnajua kwa nini nimekomaa hivi? Sisi wa ualimu tunakwenda kupima watoto wa watu. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa na binti mmoja, muhula mzima anajibu maswali mpaka wenzake wanamwita mwalimu. Siku ya mtihani kaja na homa, anatetemeka, kafeli. Karatasi moja ikasema hajui. Mimi nilijua anajua, lakini sikuwa na pa kuliandika hilo.

Yule binti kapewa mechi ya kwanza tu, jamani. Sita zilizobaki hakuzicheza.

Jamaa yangu bado anabisha. Nyie mnaonaje?