Jiwe si Jiwe Tu

Watu wengi husema, "Jiwe ni jiwe tu." Fundi mwashi mwenye akili hasemi hivyo. Yeye hulipima jiwe kwanza, ndipo hulitia katika ukuta. Mtoto wa Uvira naye yafaa ajifunze kulipima, maana kesho yeye ndiye atakayejenga.

Na autazame mto Ruzizi. Maji yake yatoka ziwa Kivu, yapita Bukavu, yashuka bondeni hata ziwa Tanganyika, karibu na Uvira. Zamani sana maji ya Kivu yalikwenda kaskazini. Milima ya moto ya Virunga ikaiziba njia hiyo, nayo maji yakageukia kusini.

Mlima wa moto ukipasuka, hutapika mawe yaliyoyeyuka kama uji. Uji huo ukipoa, huwa mawe magumu. Katika Kivu namna mbili zaonekana sana.

Namna ya kwanza ni basalti. Ni jiwe jeusi, zito, lililoshikamana. Liliganda polepole, na mvuke uliokuwamo ukapata nafasi ya kutoka. Mji wa Bukavu umejengwa juu ya mawe ya namna hiyo.

Namna ya pili ni jiwe la matundu. Hilo liliganda upesi, mvuke ungalimo, likabaki kama mkate uliochachuka. Ni jepesi. Lakini mama yao ni mmoja. Mara nyingi uji ule ule ukiganda, juu huwa matundu, na ndani huwa jiwe zito.

Lipi ni bora? Wengine husifu lile zito na kulidharau jepesi. Hao wamekosa. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na uji wake wa moto ukapita katika mji wa Goma hata ziwani. Watu walizililia nyumba zao. Kisha wakatwaa nyundo, wakayavunja mawe yale yale, wakajenga tena. Jiwe la matundu huvunjika kwa urahisi, hubebeka vizuri, na kokoto zake hufanya matofali mepesi.

Lakini anayelitia katika msingi penye maji amekosa vile vile. Jiwe hilo hunywa maji, na uzito ukizidi hupasuka. Msingi wataka jiwe zito.

Milima iliyo juu ya Uvira si milima ya moto, na mawe yake ni ya namna nyingine. Hata hivyo kipimo ni kile kile: kulibeba jiwe, kuligonga, kulimwagia maji na kutazama kama linayanywa.

Tena jiwe zuri peke yake halitoshi. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika katika Uvira, ukachukua watu na nyumba. Nyumba iliyosimama katika njia ya mto haiokolewi na basalti. Bwana Yesu alisimulia habari za mtu mwenye akili aliyejenga juu ya mwamba. Mtu yule alichagua mahali kwanza.

Basi hakuna jiwe la kudharauliwa. Liko jiwe lililowekwa mahali pasipo pake, na kosa hilo ni la mjengaji.

Maswali
1. Kwa nini jiwe la pili lina matundu?
2. Jiwe lipi lafaa kwa msingi? Kwa sababu gani?
3. Taja vipimo vitatu vya jiwe.