Simu Iliyookoa Chaji Ikapoteza Hadithi

Unasoma shairi kwenye simu. Umefika ubeti wa tatu, kuna mshororo umekukaba, unaurudia kimoyomoyo, unautafuna. Mara giza. Kioo kimezima. Simu imehesabu sekunde 30, haikuona kidole kikigusa, ikahitimisha kwamba hupo. Unaigusa, inawaka, unaendelea. Hulalamiki hata, maana umeshazoea.

Mimi nimekuja kulalamika. Ugomvi wangu na simu janja, na namna zinavyojiamulia zenyewe matumizi ya chaji, umo wote ndani ya hizo sekunde 30. Simu hupima thamani kwa kidole. Kinachoguswaguswa kina maana. Kisichoguswa ni mzigo, kilazwe. Sasa sisi watu wa fasihi kazi yetu kubwa ni ipi, kama si kukaa kimya bila kugusa kitu, tukisoma au tukisikiliza?

Mwaka juzi nilikwenda Pangani kumrekodi bibi, mama yake mama. Bibi ana hadithi moja ndefu niliyoisikia mara nyingi utotoni, na katikati yake kuna wimbo ambao sisi wajukuu tulikuwa tunauitikia mpaka majirani wanatugombeza. Nilipakua programu ya kurekodi sauti, nikaijaribu mara mbili nikiwa bado mjini, dakika mbili tatu hivi, safi kabisa. Siku yenyewe, baada ya alasiri, nikaiweka simu juu ya mkeka karibu na goti lake. Chaji asilimia 64. Nikabonyeza, alama nyekundu ikawaka, nikazima kioo ili mwanga usimbughudhi, nikakaa. Sikuigusa tena. Mtu mzima anapokuhadithia, hushikishiki simu. Hiyo ni adabu ya kawaida tu.

Bibi alihadithia saa nzima na dakika zake. Aliimba. Alipomaliza nikachukua simu: chaji asilimia 58, rekodi dakika 11. Na katika hizo 11, saba za mwanzo ni bibi akiomba maji na kulalamikia bei ya samaki. Mengine yote, kapa. Simu ilikuwa imeizima programu ile ili kuokoa betri. Lakini ndani ya saa hiyohiyo kampuni ya kubeti ilikuwa imefanikiwa kunitumia jumbe mbili za kunishawishi niweke mkeka. Hizo zilipita bila kubanwa na mtu.

Hasira zilipotulia nikaanza kusoma ili nijue kilichonipata. Si ajali. Ni utaratibu.

Mwaka 2015 Android 6.0 ilikuja na kitu walichokiita Doze, yaani kusinzia. Masharti yake ni matatu: simu isiwe kwenye chaji, kioo kiwe kimezimwa, na simu itulie mahali pamoja kwa muda. Yakitimia, simu inazikatia programu mtandao, inaahirisha kazi zao, kisha inaziruhusu zipumue kwa vipindi vifupi tu, na vipindi hivyo vinazidi kuwa mbalimbali kadiri muda unavyokwenda. Mwaka huohuo iPhone nazo zilipata hali yao ya kuokoa chaji kupitia iOS 9.

Mwaka 2018 ikaja Android 9 na hatua kubwa zaidi. Google, wakishirikiana na DeepMind, waliifundisha simu kubashiri ni programu zipi utazifungua saa chache zijazo na zipi hutazigusa. Programu zikapangwa kwa madaraja. Ile unayoitumia sasa hivi haikubanwa. Unayoitumia karibu kila siku, kazi zake za chinichini ziliweza kucheleweshwa mpaka saa 2. Unayoitumia mara kwa mara lakini si kila siku, saa 8. Unayoitumia kwa nadra, saa 24. Matoleo ya baadaye yakaongeza daraja la chini zaidi ya hapo, la programu zilizofungiwa karibu kabisa.

Kwa haki niseme: kanuni za msingi za Android haziruhusu programu iliyo katikati ya kurekodi iuawe ovyoovyo. Ina njia yake ya kujitambulisha kwamba ipo kazini. Shida ni kwamba baadhi ya watengenezaji wa simu huongeza tabaka lao wenyewe juu ya kanuni hizo, kali zaidi, maana simu inayokaa na chaji siku mbili inauzika kirahisi. Tabaka hilo limeshanyonga kengele za kuamkia asubuhi, programu za kuhesabu hatua, na vinasa sauti kama changu.

Rudi sasa kwenye yale masharti matatu. Haipo kwenye chaji, kioo kimezimwa, imetulia. Hiyo ni picha ya simu iliyosahaulika kwenye droo. Ni picha ileile ya simu iliyowekwa kwenye mkeka mbele ya bibi. Mashine haioni tofauti kati ya kutelekezwa na kusikiliza. Adabu yangu ndiyo iliyoniponza. Ningekuwa mjukuu mwenye kiherehere, nachungulia simu kila dakika huku bibi anazungumza, huenda leo ningekuwa na hadithi yote.

Halafu haya madaraja. Nani aliwaambia kwamba unachokitumia mara nyingi ndicho unachokihitaji zaidi? Hebu iendesheni kamusi kwa sheria hiyo. Mtabaki na "ni", "na", "kwa", "ya" na maneno mengine mia tano hivi, na yale tunayoyafungulia kamusi hasa, yale ya mara moja kwa mwaka, yatakuwa yamefungiwa kwa kosa la kutotumika. Kuna riwaya ambazo mtu huzisoma mara mbili tu katika maisha yake, na bado ndizo zilizomlea. Kuna simu ya mjomba inayopigwa mara moja kwa miaka mitatu, na ikipigwa nyumba nzima inasimama. Mara ngapi ni hesabu. Umuhimu ni jambo jingine, na hauhesabiki kwa kidole.

Matokeo yake ni kama kawaida: mwenye nacho anaongezewa. Programu zilizobuniwa makusudi zituite mara 80 kwa siku ndizo zinazokaa daraja la juu, kwa sababu tunaitika. Programu ya kusomea vitabu, unayoifungua Jumapili jioni, inashushwa. Unaifungua ukiwa ndani ya basi, mtandao hakuna, unakuta makala uliyotegemea iwe imeshashuka haijashuka. Kwa hiyo unafungua nini? Ile nyingine. Kesho simu inasema: unaona? Nilijua hupendi kusoma. Huo si ubashiri. Ni kumnyima mtoto chakula kisha kumsema kwamba amekonda.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa bila utaratibu huu simu ingezimika kabla ya adhuhuri. Kweli kabisa. Wapo wanaolipia kuchaji kibandani, na kwao saa sita za ziada ni hela. Wapo tunaoishi na umeme unaokatika bila kuaga. Na kuna hoja nzito zaidi ya hizo. Betri za simu zetu ni za lithiamu, aina ambayo Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991 na ambayo waasisi wake, John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Betri hizo huchakaa kila zinapojazwa na kumalizwa, na huchakaa upesi zikikaa zimejaa pomoni. Ndiyo maana iPhone, tangu iOS 13, zinaweza kusimama kwenye asilimia 80 usiku na kumalizia karibu na muda unaoamka. Nyingi zina kobalti ndani, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, kule Kolwezi na vitongoji vyake, ambako anayeshuka shimoni na anayemsubiri juu wanaitana kwa Kiswahili. Kila mwaka mmoja unaoongezwa kwenye uhai wa betri ni simu moja iliyochelewa kutupwa. Huo ni wema, na siubezi.

Kwa hiyo tuelewane. Ubahili wa chaji naukubali. Ninachokataa ni kufanyiwa kimyakimya.

Tofauti hiyo si ya kwangu peke yangu. Imeshawagharimu watu pesa. Mwaka 2017 ilibainika kwamba Apple, kuanzia iOS 10.2.1, walikuwa wanapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochakaa. Sababu ya kiufundi ilikuwepo: betri kuukuu hushindwa kutoa umeme mwingi kwa ghafla, simu inazimika puu mkononi. Kupunguza kasi kulizuia hilo. Lakini mteja aliona tu simu yake imekuwa nzito, na wengi walilalamika kwamba walinunua mpya kumbe kilichotakiwa ni betri. Desemba ile Apple waliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Mwaka 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya yuro milioni 25. Kosa? Halikuwa kupunguza kasi. Lilikuwa kutowaambia wateja.

Na hapa ndipo watu wa lugha tunapohusika moja kwa moja. Angalia maneno. Kwenye mipangilio ya simu jambo hili linaitwa "uboreshaji wa betri". Uboreshaji! Programu ikikatiwa mtandao, imeboreshwa. Ikinyongwa katikati ya kazi, imeboreshwa. Bibi yangu alikatizwa kwenye dakika ya 11, na kwa lugha ya simu yangu ule ulikuwa uboreshaji. Kiswahili hakikukosa maneno. Tuna kubana, kunyima, kulaza, kukatiza, kuzima. Kila mojawapo lingemfanya mtu asite na kuuliza, "Nini kitazimwa?" Neno "kuboresha" halimsitishi mtu. Nani atakataa kuboreshewa? Tumezoea kukemea lugha ya namna hii ikitoka kwa wanasiasa, wanaposema wananchi "wamehamishwa kupisha maendeleo". Ikitoka mfukoni mwetu tunabonyeza "Sawa". Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na siku hizi nguo ina mfuko.

Jibu la pili nimeshapewa na rafiki yangu fundi simu: "Kaka, si ungebadilisha mipangilio?" Ningebadilisha, ndiyo. Ruhusa ipo, hatua tano ndani, kila aina ya simu imeificha kwa jina lake. Lakini mtu hawezi kutafuta mlango wa chumba asichojua kipo. Simu haikuniambia kabla kwamba itakatiza. Haikuniambia wakati inakatiza. Iliniambia baadaye, kwa kauli ya mtu anayetegemea shukrani. Kosa langu ni kwamba nilifanya majaribio mafupi huku kioo kikiwaka, na hilo nalibeba. La kwao ni kubwa zaidi, kwa sababu walijua.

Ninachodai si kikubwa. Kitendo kiitwe kwa jina lake: programu hii itazimwa. Kisemwe kabla, si baada. Na mtu akishabonyeza kitufe cha kurekodi, hiyo ni amri ya mwenye simu, na hakuna ubashiri wa mashine unaopaswa kuwa juu yake. Wafasiri wa Kiswahili wanaoandika maneno ya kwenye simu, wengine ni wasomaji wenzetu, waanze na hilo la kwanza hata kama mabosi wao hawajafika kwenye la pili na la tatu.

Wakati tunasubiri, wewe unayekwenda kijijini likizo hii kumrekodi mzee wako, ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu yako ya kurekodi, iondolee vizuizi vyote. Kisha ijaribu kwa saa nzima, kioo kimezimwa, simu imetulia mezani, haipo kwenye chaji. Dakika mbili hazitoshi. Mimi ni shahidi. Ikiwezekana weka na simu ya pili kando.

Nilirudi Pangani baada ya miezi mitatu, safari hii na simu mbili. Bibi alishangaa. "Si nilishakuhadithia hiyo?" Nikambembeleza, akakubali, akahadithia tena. Ilikuwa fupi, dakika 25 tu, na aliharakisha kama mtu anayerudia maelekezo ya njia kwa mgeni asiyesikia. Tulipofika pale katikati nikakaa mkao wa kuitikia. Akapapita.

Mwisho nikamuuliza, "Bibi, na ule wimbo?"

Akaniangalia. "Wimbo gani, mjukuu wangu?"

Nikajaribu kumwimbia kiitikio, kwa sababu ndicho pekee nilichokuwa nakijua. Wajukuu tulikuwa tunaitikia tu. Mwimbaji alikuwa yeye. Alitabasamu, akasema hicho hakikumbuki, labda nimechanganya na cha shangazi.

Rekodi zote mbili za siku hiyo zimekamilika, hazikukatika hata sekunde. Chaji ilikuwa asilimia 41.