Baiskeli ya Kulipia, Baiskeli ya Kuonea Aibu

Mnoa visu akiingia mitaa ya Olasiti, Arusha, hapigi hodi. Anagonga kengele, anashusha stendi mpaka gurudumu la nyuma linaning'inia juu ya vumbi, kisha anapanda na kuanza kukanyaga pedeli. Baiskeli haiendi popote. Mkanda umetoka kwenye gurudumu hilo hadi kwenye jiwe lililofungwa mbele, nalo linazunguka mpaka cheche zinaruka. Kisu cha jikoni, panga la kukatia majani ya ng'ombe, shoka la jirani: anakanyaga nusu saa bila kusogea hata hatua moja, na shati limegandia mgongoni. Hakuna mpita njia atakayesema kwamba mtu huyo yuko mazoezini.

Sasa baiskeli kama hiyo iingizwe kwenye ukumbi wa mazoezi. Jiwe litolewe, liwekwe gurudumu zito la chuma. Taa zipunguzwe, muziki ufunguliwe hadi sakafu itetemeke, na mbele akae mkufunzi mwenye maiki shavuni akihimiza watu wakaze. Mteja akanyage dakika 45 bila kusogea, alipe, apige picha akiwa amelowa jasho, aitume kwenye kundi la wenzake wa ofisini. Hapo wote watakubaliana: mwenzetu anafanya mazoezi, mwenzetu anajijali.

Ni imani iliyoota mizizi katika miji ya Tanzania, na Arusha imo pia. Baiskeli ya barabarani ni ya mtu aliyekwamishwa na maisha. Baiskeli ya ukumbini ni ya mtu aliyefika. Mfanyakazi akiingia ofisini kwa baiskeli, mlinzi wa getini atamuuliza kwa huruma kama gari liko gereji. Mfanyakazi huyohuyo akilipia kukanyaga pedeli chumbani jioni, atapongezwa. Miguu ni ileile na moyo ni uleule. Kilichobadilika ni risiti.

Darasa hilo la kukanyaga ukumbini si utapeli. Anayelijaribu kwa mara ya kwanza anagundua upesi kwamba gurudumu lile halina mzaha: kwenye mashine nyingi likishashika kasi huzungusha pedeli lenyewe, na asiyejua anaweza kurushwa mguu. Siti hupimwa kwa kusimama kando yake mpaka ilingane na mfupa wa nyonga. Kitufe cha kukazia kiko mbele ya mapaja, na mgeni anapaswa kukigusa kwa adabu. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti kuhusu watu waliolazwa baada ya darasa lao la kwanza, misuli ya mapaja ikiwa imeharibika kiasi cha kuzitia figo hatarini. Mkojo ukigeuka rangi ya soda nyeusi baada ya kipindi, ni wa kukimbilia hospitali, si wa kujisifia. Lakini anayeanza polepole atapata alichokifuata: mapafu yanafunguka, magoti hayagongwi na lami, na furaha ya kutoka jasho pamoja na wenzake ni ya kweli.

Tatizo ni heshima ambayo darasa hilo limepewa na barabara ikanyimwa. Aliyelibuni, Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, alikuwa mtu wa barabara hasa. Miaka ya 1980 alijiandaa kwa mashindano ya kuvuka Marekani kwa baiskeli, kutoka pwani hadi pwani, safari ya karibu kilomita 4,800. Usiku mmoja akiwa mazoezini aliponea chupuchupu kugongwa na gari, ndipo akajiundia baiskeli ya kukanyagia nyumbani. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Schwinn ikaanza kuiuza mashine yake. Mwaka 2006 SoulCycle ikafungua ukumbi wake wa kwanza Manhattan, na kukanyaga gizani kukawa alama ya hadhi. Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo ilifunga takriban robo ya kumbi zake. Fasheni ina mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Kinachosahaulika ni kwamba chimbuko la yote ni gari lililotaka kumgonga mtu. Chumba kilikuwa maficho. Leo maficho yanaitwa maendeleo.

Moyo wa binadamu, kwa upande wake, hausomi risiti. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa nzima. Makonda walipanda na kushuka ngazi wakikusanya nauli. Makonda walionekana kupata maradhi ya mishipa ya moyo kwa nadra kuliko madereva. Hakuna konda aliyekuwa amejiandikisha jimu. Walikuwa kazini, kama konda wa kifodi cha Arusha anayeruka chini kila kituo na kudaka mlango gari likiondoka.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Katika mwongozo wake wa 2020 liliondoa sharti la zamani kwamba zoezi lisipofika dakika kumi mfululizo halihesabiki. Sasa kila dakika inahesabika. Kutoka Olasiti hadi katikati ya jiji hakuzidi kilomita kumi. Anayekwenda kilomita nane na kurudi, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa usio na mashindano yoyote, anatumia zaidi kidogo ya saa moja. Akifanya hivyo siku tatu tu za juma, ameshavuka dakika 190, na kazini amefika.

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Fulana zilishonwa, vikundi vya kukimbia vikaongezeka. Lakini Jumatatu mtu mwenye fulana hiyohiyo hupanda bajaji kwa safari ya kilomita mbili, kwa sababu Jumamosi ni zoezi na Jumatatu ni usafiri.

Dharau hii ni ya ajabu zaidi inapotokea Arusha. Watalii wanalipa fedha za kigeni kuzunguka Mto wa Mbu kwa baiskeli katikati ya migomba, na hakuna anayewauliza kama gari liko gereji. Mjini hapa ndipo Bernard Kiwia, fundi baiskeli, alipojijengea jina kwa kugeuza vipuri vya baiskeli kuwa mashine za kazi, ikiwemo ya kuchajia simu. Hapa pia ndipo kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Jodie Wu, mhitimu wa MIT, ilipoleta mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli. Nayo ni baiskeli isiyosogea. Tofauti ni kwamba mkanyagaji akishuka, kuna mahindi chini.

Nje ya mkoa pia, baiskeli ya barabarani imeleta heshima. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne, alilelewa kimchezo na David Kinjah kwenye barabara za huko Kikuyu. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mashindano hayo mwaka 2024 na kuondoka na jezi ya kijani. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Waendeshaji bora duniani walihema kwenye vilima vya mji huo kama anavyohema muuza maziwa wa Kisongo mwenye madumu mawili kwenye kerieri.

Watetezi wa ukumbi wana hoja moja nzito: barabarani watu wanakufa. Ni kweli. Mama wa Olasiti anayechagua chumba chenye kufuli badala ya kupishana na malori kwenye barabara ya mchepuko hajakosea hesabu, hasa ikiwa barabarani atapigiwa pia miluzi na kelele za vijana wa kijiweni. Ila hoja hiyo inaishitaki barabara, haiitetei dharau. Barabara hiyo ya kilomita 42.4 ilizinduliwa mwaka 2022 mbele ya viongozi wa Afrika Mashariki, na bado mwendesha baiskeli hupishana na malori. Si kwamba Tanzania haijui kutenga njia za baiskeli: Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016, njia za baiskeli ziliwekwa pembeni. Shida ni bodaboda na magari yanayoegeshwa, ambayo yamejigawia njia hizo. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, umelisema hilo kwa miaka.

Arusha inajiandaa kwa AFCON 2027, na uwanja wa watu 30,000 unajengwa. Wenye sauti mjini ndio hao wanaolipia kukanyaga gizani. Wangedai njia yenye kingo za zege kutoka Olasiti hadi mjini kwa nusu ya bidii wanayoimalizia kwenye kitufe cha kukazia, wahandisi wangelazimika kuwasikiliza.

Kwa sasa mnoa visu amemaliza panga la mwisho. Anapokea hela yake, anapandisha stendi na kuelekea lami. Bajaji inampigia honi kutoka nyuma, naye anateremka kwenye mchanga kupisha, kama alivyozoea.