Tuachiwe Robo Saa ya Kimya



Habari inazunguka katika masomo yetu kwamba komite ya maombi inataka kubadilisha programu ya internati. Mpaka sasa, kila asubuhi kisha kengele ya kwanza, tuko na robo saa ya kimya: kila mutu anakwenda fasi yake, mwenye Biblia na Biblia yake, mwenye kukosa na mikono mitupu. Sasa wanasema robo saa ile ifutwe, wote tukutane refektwari kuomba kwa sauti kubwa, na kiongozi wa kila dortuari aandike liste ya wale waliofika. Sababu yao ni kwamba wakati wa kimya wengine hawaombi. Mmoja alisema waziwazi juu ya mwenzake: "Ule haombake, hatuyamusikia hata siku moya!"

Sisi wa mwaka wa mwisho hatukubaliani na mpango huo, na tunapenda kueleza ni kwa nini.

Tusisikiwe vibaya. Kuomba pamoja ni kuzuri. Petro alipokuwa gerezani, kanisa lilikutana likamwombea, tunasoma habari hiyo katika Matendo mlango wa 12. Makesha yetu ya Ijumaa tunayapenda pia, hata kama majirani wa ng'ambo ya barabara hawayapendi sana. Tunachokataa ni kwamba maombi ya wengi yameze maombi ya mutu mmoja.

Katika Matayo mlango wa 6 Bwana Yesu anamtuma mwenye kuomba aingie chumbani na kufunga mulango. Neno la Kigriki lililoandikwa pale ni tameion, maana yake chumba cha kuwekea akiba. Ni neno lile lile tunalolikuta katika Luka 12:24, fasi Yesu anaposema juu ya kunguru wasiokuwa na ghala. Kwa lugha yetu ya hapa Lubumbashi tungesema: depo. Basi waza depo ya internati yetu, na mifuko ya bunga, na maharagi, na harufu ya makayabu. Nani anaingia kule ili watu wamwone? Hakuna mikro, hakuna kwaya, hakuna wa kuitika Amina nyuma yako. Na njo fasi ile Bwana aliyochagua.

Kuhusu yule ndugu ambaye "hatuyamusikia", tunawakumbusha habari ya mama Hana katika 1 Samweli mlango wa 1. Midomo yake ilicheza lakini sauti haikutoka. Kuhani Eli alikuwa pale pale, akamtazama kwa macho yake, akawaza kwamba ni mulevi. Kama kuhani mzima wa nyumba ya Mungu alipotea namna hii, kiongozi wa dortuari mwenye kalamu na karatasi atafanya nini?

Lakini mfano ambao tungependa wote tuuwaze uko karibu zaidi, uko katika mji wetu. Tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni siku kuu katika inchi yetu, kwa kukumbuka Simon Kimbangu. Tunapumzika siku ile, wengine tunafua nguo, na redio zinaeleza mambo ya Nkamba: wagonjwa, makutano makubwa, watu waliotoka kazini na mashambani kwenda kumsikiliza yule katekista wa Wabatisti. Hayo yote yalitokea mwaka 1921, kutoka Aprili mpaka alipokamatwa Septemba. Ni miezi mitano na siku kidogo. Mwezi wa Oktoba akahukumiwa viboko 120 na kifo, kisha mfalme Albert akageuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Wakamleta wapi? Hapa, Elisabethville, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka kwao, mbali na mke wake Marie Muilu na watoto wake watatu. Akakaa gerezani mpaka kufa kwake, tarehe 12 Oktoba 1951. Ni miaka 30.

Sisi hatuko Wakimbangu, na mafundisho yao juu yake hatuyapokei yote. Lakini hesabu hii kila mutu anaweza kuifanya: miezi mitano mbele ya makutano, miaka 30 bila makutano. Kama maombi ya mutu yule yangalisimama juu ya sauti za watu tu, yangalikwisha mwaka ule ule wa 1921. Na wale waliobaki kwao waliendelea kwa siri, bila yeye, mpaka serikali ya Wabelgiji ilipotambua kanisa lao Desemba 1959. Siku kuu inatukumbusha miezi ya Nkamba. Ni vizuri. Sisi wa Lubumbashi tungekumbuka pia ile miaka ya hapa kwetu.

Na mambo hayo hayakuwa ya Wabelgiji peke yao. Wazee wetu waliosoma wakati wa Zaire wanajua: mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ilichukua masomo ya makanisa yote, na somo la dini likatolewa katika programu. Noeli nayo ilikuwa imekwisha kufutwa katika siku kuu za inchi mwaka ule ule. Ni Februari 1977 tu makanisa yalirudishiwa masomo yao. Maombi yaliyotegemea kengele na programu, barua moja ya ofisi ilitosha kuyasimamisha. Yale ya depo hayakuhitaji ruhusa ya mutu.

Turudi kwenye dortuari zetu. Mbele ya wenzake mutu anaomba na maneno yaliyokwisha kutayarishwa: wagonjwa, wasafiri, viongozi wa inchi, Examen d'Etat. Ni maombi ya kweli, hatuyacheki. Lakini nani atasimama refektwari na kusema: Bwana, jana niliiba sabuni ya mwenzangu? Nani atasema: Bwana, baba hajalipwa tangu miezi mitatu, na ninamwonea haya akija kunitembelea? Nani atasema: Bwana, siku hizi ninawaza kwamba hauko? Neno hili la mwisho tunajua kwamba liko ndani ya dortuari zetu, na hata ndani ya kwaya liko. Leo kijana wa namna hiyo yuko na robo saa ya kulisema kwa Mungu mwenyewe. Mkimpeleka refektwari na liste, atafika wa kwanza, ataitika Amina kwa nguvu kuliko wote, jina lake litaandikwa vizuri. Na fasi moja aliyokuwa nayo ya kusema ukweli, mtakuwa mmemnyang'anya.

Watatuambia: "Lakini wengine banalala tu!" Ndiyo, wanalala. Tunawasikia wakikoroma. Hata Petro na wana wa Zebedayo walilala Getsemane, wakati Bwana wao alikuwa mbele kidogo anaomba peke yake, na maombi yake hayakuharibika juu ya usingizi wao. Mwenye kulala aamshwe na rafiki yake, kwa upole, na ndoo ya maji ibaki kwenye lavabo. Ni kazi ya ndugu, si kazi ya polisi.

Kwa hiyo tunamwomba Bwana Prefe na Mchungaji wetu: robo saa ya asubuhi ibaki vile iko. Tena, kama inawezekana, kilasi moja ya nyuma iachwe wazi jioni, nusu saa mbele ya etidi, kwa yule anayetaka kukaa peke yake, kwa sababu katika dortuari ya vitanda 40 hata kuwaza kunasikika. Hapo mlangoni pasikae mutu wa kuandika. Liste za majina zibaki refektwari kwa kugawa mikate, kule zinatumika vizuri.

Komite itakutana siku ya tatu kisha masomo. Sisi tutafika, na wale wa vilasi vya chini wenye neno juu ya jambo hili waje pia, au watuandikie kwenye karatasi, hata bila kutia jina.