Nuru Haibebwi na Chombo

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii naiheshimu inapotumiwa kusuluhisha watu wanaobishania mapishi au mavazi. Lakini nikikaa barazani hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, naisikia ikitumiwa kuua kila hoja ya elimu. Ukitaja sayansi unajibiwa: "Hizo ni nadharia tu, mwalimu. Huyu ana yake, na yule ana yake." Kahawa inamiminwa, mazungumzo yamekwisha. Leo nataka kubisha, na nitabisha kwa mfano mmoja.

Usiku wa giza tunaziona taa za wavuvi wa dagaa zikielea baharini. Mashua inaporejea pwani kwa kasi, je, mwanga wa taa yake hutufikia upesi kuliko ule wa mashua iliyotia nanga? Ukirusha jiwe mbele kutoka kwenye chombo kinachokwenda, jiwe hupata nguvu ya mkono wako na mwendo wa chombo pia. Kwa nini mwanga usiwe hivyo?

Swali hili si la kitoto. Mwaka 1905 Albert Einstein alisema kwamba mwanga huenda kwa kasi ile ile, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hata chanzo chake kikimbie vipi. Mwaka 1908 Walter Ritz, Mswisi, akapinga: mwanga huchukua mwendo wa chanzo chake, kama jiwe lile. Nadharia mbili, na watu wenye akili pande zote. Mtu wa barazani angesema akili ni nywele, akaenda kulala.

Wenzetu hawakulala. Mwaka 1913 Mholanzi Willem de Sitter alitoa ushahidi wa nyota pacha, zile zinazozungukana. Kama Ritz alisema kweli, mwanga uliotoka nyota ikija kwetu ungeupita ule uliotoka nyota ikienda zake, na mzunguko wake ungeonekana umevurugika. Haukuonekana hivyo. Hata hivyo hoja hiyo ilikuwa na tundu, nalo lilionyeshwa wazi miaka ya 1960: gesi iliyotanda kati ya nyota hupokea mwanga na kuutoa upya, hivyo huenda ikaufuta mwendo wa chanzo kabla haujatufikia. Tazama uungwana wa elimu! Hata shahidi wa mshindi alihojiwa upya.

Mwaka 1964, katika maabara ya CERN huko Geneva, chembe zilizokimbia karibu sawa na mwanga zilitoa mionzi mbele yake. Mionzi hiyo ikapimwa. Kasi ikawa ile ile.

Na tundu la nyota je? Pwani yetu hii hii ilisaidia kuliziba. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru, kwa Kiswahili chetu. Setilaiti hiyo ndiyo iliyogundua kwamba Cen X-3 na Her X-1 hutoa eksirei kwa mapigo, kama moyo. Cen X-3 hupiga kila sekunde 4.8 hivi, huku ikizungukana na nyota mwenzake kwa siku mbili na kidogo. Eksirei hizo hupita katika gesi bila kusumbuliwa sana. Mwaka 1977 Kenneth Brecher aliyachunguza mapigo ya nyota za namna hiyo, akaonyesha kwamba mwanga hauchukui hata sehemu mbili katika bilioni za mwendo wa nyota. Kama ungechukua zaidi, mapigo yangetufikia yamevurugika. Ritz, aliyefariki 1909, hakuonewa. Alipimwa.

Sasa nami nikiri kosa langu. Zamani nilifundisha fizikia. Mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, aliniuliza swali lile la taa ya mashua. Nikamjibu: "Einstein alikwisha sema. Andika." Akaandika, akakaa, hakuuliza tena. Leo ni mtu mzima. Hunipa shikamoo yangu kwa adabu, kisha ndiye anayeniambia kwamba ni nadharia tu. Nitamlaumuje? Mimi ndiye niliyemfundisha kuwa ukweli ni neno la mkubwa. Anayeamini kwa sababu mkubwa kasema, siku akimchoka mkubwa huyo hubaki mikono mitupu.

Ndiyo maana nasema kwamba anayesema "kasema fulani" na anayesema "kila mtu ana zake" ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wanakwepa kazi ya kwenda kutazama.

Walimu wenzangu, mtoto akiuliza habari ya taa, msimfunge mdomo kwa jina la mtu. Mwambieni walioshindana ni nani, walipima nini, na hoja ilitoboka wapi. Mwambieni pia kwamba shahidi mmoja aliruka kutoka pwani hii. Kisha mwacheni aulize tena.