Matendo ya Huruma Wakati wa Maambukizi



Kanisa latufundisha kwamba kumtembelea mgonjwa na kumzika marehemu ni matendo ya huruma. Kwetu Masisi fundisho hili halikubaki kitabuni: mgonjwa halali peke yake, na maiti haoshwi na wageni. Basi ni uchungu kutambua kwamba Ebola hupita hasa katika njia hizo mbili. Virusi vyake hutoka kwa wanyama wa porini. Vikishamwingia mtu, humfikia mwenzake kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, navyo huwa vingi mno katika mwili wa aliyekufa. Anayeambukizwa mara nyingi ni yule aliyependa zaidi: mama aliyemfuta mtoto matapishi, binti aliyemwosha baba yake.

Je, tuache kupenda? Wengine hujibu kwa woga, wakamkimbia mgonjwa. Wengine hujibu kwa ukaidi, wakisema Mungu atatulinda, wala hawabadili kitu. Kwa maoni yangu, majibu yote mawili humwacha ndugu yetu afe. Huruma haiachwi, hubadilishwa namna yake.

Historia ya nchi yetu yathibitisha. Mwaka 1976, Ebola ilienea katika hospitali ya misheni ya Yambuku. Masista walihudumu kwa moyo, lakini sindano chache zilitumiwa kwa wagonjwa wengi bila kusafishwa ipasavyo. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, baadhi ya masista wakiwamo. Nia njema haikuua virusi. Mwaka 1995, huko Kikwit, masista sita kutoka Italia walikufa baada ya kuuguza wagonjwa. Lakini katika damu ya mtu aliyepona Kikwit, wataalamu walipata kinga iliyozaa mojawapo ya dawa mbili zilizookoa maisha hapa kwetu miaka mingi baadaye.

Asiwepo wa kusema kwamba mambo haya ni ya mbali na Lushebere. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, katika Beni. Ikamalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuwaua watu zaidi ya 2,200. Julai 2019 ilifika Goma pamoja na msafiri aliyetoka Butembo kwa basi. Agosti ikafika Pinga, katika Walikale. Chanjo ilikuwapo, na watu zaidi ya 300,000 waliipokea. Mbona basi ilidumu karibu miaka miwili? Vita vilizuia, na uvumi pia. Watu waliokuwa wakiuawa miaka mingi bila mlinzi waliona magari yakimiminika kwa ajili ya ugonjwa mmoja, wakashuku. Shaka hiyo ilikuwa na sababu. Matunda yake yalikuwa mauti. Ijumaa Kuu, tarehe 19 Aprili 2019, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia, alipigwa risasi hospitalini Butembo akafa.

Hata hivyo, katika miji hiyohiyo huruma ilipata namna mpya. Waliopona, ambao miili yao ilikwisha kupata kinga, waliwabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wakitibiwa. Beni vilijengwa vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ili jamaa wamwone mgonjwa wao na kusema naye. Na mazishi salama hayakuzuia sala wala machozi. Yalizuia kugusa tu.

Tena Ebola si ya pekee. Mwaka 2023 aina mpya ya mpox ilianza kuenea Kamituga, katika machimbo ya dhahabu. Mwaka 2024 ilikuwa imefika katika kambi za wakimbizi kandokando ya Goma. Hupita kwa kugusana ngozi, kwa kulala kitanda kimoja, kwa tendo la ndoa. Nayo hustawi palipo na aibu. Kijana anayetoka machimboni Rubaya au Bisie akiwa na vidonda, asifiche. Nasi tusimcheke, maana kicheko chetu ndicho kitakachomfanya afiche.

Kwa hiyo nawasihi mambo manne. Tusiguse wala kula mnyama tuliyemkuta amekufa. Maji na sabuni visikosekane mlangoni pa kanisa na penye matanga. Mtu akiugua homa isiyoeleweka, habari ifike kituo cha afya siku hiyohiyo, na uvumi usipite vinywani mwetu kabla ya kumwuliza mwuguzi.

La nne nalitilia mkazo. Aliyemgusa mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa siku 21. Katika siku hizo magugu humea shambani mwake na watoto hulala njaa. Ndiyo maana wengi hutoroka, wakaupeleka ugonjwa kijiji kingine. Hapo kikundi cha vijana kina kazi ambayo daktari hawezi kuifanya: kumlimia shamba, kumletea maji na chakula hadi mlangoni, kumwita kwa jina kila asubuhi kutoka mbali. Huko nako ni kumtembelea mgonjwa. Kikundi chetu kipange leo, kabla ya ugonjwa kufika, nani atashika jembe.